Njia za Baiskeli za Wales Zinahitaji Mwenyeji

Tarehe 31 Machi 2025, vituo vitatu vya wageni nchini Wales vilifunga mikahawa na maduka yake vyote pamoja: Coed y Brenin katika milima ya kaskazini-magharibi, Bwlch Nant yr Arian juu ya mji wa Aberystwyth, na Ynyslas kando ya bahari. Mwenye vituo hivyo ni Natural Resources Wales, kwa kifupi NRW, shirika la umma linalosimamia misitu ya serikali, mito na hifadhi za nchi hiyo. Shirika lilisema fedha zimepungua, na kwamba halina budi kubaki na kazi zile ambazo sheria inalitaka lizifanye. Njia za miguu na za baiskeli zingebaki wazi. Maegesho na vyoo pia.

Ahadi hiyo ya njia kubaki wazi ndiyo inayostahili kuhojiwa. Inachukulia kwamba njia ya baiskeli mlimani ni kitu kinachojikalia chenyewe, na kwamba wakiondoka waliokuwa wakiihudumia, yenyewe itabaki vilevile. Miaka thelathini ya baiskeli katika misitu ya Wales inaonyesha kinyume, na hakuna mahali inapoonyesha wazi zaidi kuliko Coed y Brenin.

Msitu huo uko kaskazini kidogo mwa mji mdogo wa Dolgellau, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Eryri, ambayo wengi nje ya Wales waliizoea kwa jina la Snowdonia. Mito ya Mawddach, Eden, Wen na Gain hupita humo kwa kishindo, ikishuka maporomoko na kupita karibu na mabaki ya Gwynfynydd, mgodi wa dhahabu uliofungwa mwishoni mwa karne iliyopita. Ardhi ilikuwa mali ya ukoo wa Vaughan wa Nannau kabla ya Tume ya Misitu ya Uingereza kuichukua mwaka 1922. Tume yenyewe iliundwa mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza kudhihirisha kwamba nchi haikuwa na mbao za kutosha kwa ajili ya migodi na mahandaki. Kazi iliyopewa ni kupanda miti inayokua upesi, hasa sprusi ya Sitka kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, mstari kwa mstari, kilima baada ya kilima. Mwaka 1935, ufalme ulipoadhimisha miaka 25 ya utawala wa George V, msitu ukapewa jina lake la sasa, yaani Msitu wa Mfalme.

Miti ikakua, ikakatwa, ikapandwa tena. Lakini ajira zikazidi kupungua, kwa sababu mashine moja ya kuvuna magogo ilikuwa ikifanya kazi ya kundi zima la watu wenye misumeno. Vijiji vya pembeni vikabaki na mbao nyingi zinazopita barabarani na vijana wachache.

Hapo ndipo anapoingia Dafydd Davis, mfanyakazi wa Tume ya Misitu. Katika miaka ya 1990, akiwa na fedha kidogo, wenzake wachache na watu wa kujitolea, alianza kuchonga njia nyembamba za baiskeli katikati ya miti, mahali ambapo mpaka wakati huo waendeshaji walikuwa wakitumia barabara za malori ya magogo. Njia iliyovuma kwanza ilibeba jina la mdhamini wake, kinywaji cha Red Bull. Siku hizi inaitwa Tarw na ina urefu wa kilomita 20 hivi. Coed y Brenin ikawa kituo cha kwanza Uingereza kujengwa mahususi kwa ajili ya baiskeli za milimani. Watu wakaanza kuendesha magari usiku kutoka Manchester na Birmingham, baiskeli zikiwa juu ya paa, ili wafike alfajiri. Scotland ikafuata na vituo vyake vya 7stanes. Davis akatunukiwa nishani ya MBE, na nchi nyingine zikaanza kumwita awashauri wajenzi wao.

Alichokigundua si kwamba watu wanapenda kuteremka mlima kwa kasi. Hilo lilijulikana tangu baiskeli za milimani zianze kuuzwa. Alichokigundua ni namna ya kujenga njia itakayostahimili mvua ya Wales.

Na mvua yenyewe si ya mchezo. Kwenye miinuko ya Eryri hunyesha zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Kwa hiyo fundi wa njia huanza na maji kabla hajaifikiria baiskeli. Kwanza hukata kibaraza chembamba ubavuni mwa kilima, akiilaza sakafu yake kidogo kuelekea bondeni ili maji yavuke njia badala ya kuifuata. Kila baada ya mita kadhaa huiteremsha njia kisha kuipandisha kidogo, ili maji yaliyoanza kukusanyika yatoke hapo penye bonde. Mwendeshaji huliona bonde hilo kama mchezo, mahali pa kubonyea na kuruka. Kwa fundi ni mfereji. Juu ya udongo hushindiliwa kokoto iliyosagwa, mara nyingi kutoka machimbo ya mawe ndani ya msitu huohuo. Penye mwinuko mkali kokoto haikai, basi hupangwa mawe bapa yaliyosimamishwa wima, yakabanana kama vitabu kwenye rafu, yakazikwa robo tatu ardhini. Kazi hii hufanywa kwa eskaveta ndogo inayopenya kati ya miti, kisha kwa sururu, koleo na mikono. Mita chache za mawe ya namna hiyo zinaweza kumaliza siku nzima ya watu wawili.

Kisha huja Novemba. Majani huanguka yakaziba mifereji. Maji yakikosa pa kutokea hupita juu ya njia, hubeba kokoto ndogo na kuacha mawe makubwa yakichomoza. Waendeshaji hukwepa mawe hayo kwa kupita pembeni, njia hupanuka, kuvumwani na mizizi hukanyagwa. Kabla ya kila kona watu hufunga breki, na matairi yao huchimba vituta vinavyofuatana ambavyo hukua wiki hadi wiki. Mtu mmoja mwenye koleo, akipita mapema, anaweza kuzuia yote hayo kwa nusu saa. Asipopita kwa miaka miwili, itabidi eskaveta irudi. Ndiyo maana kuahidi kwamba njia zitabaki wazi hakutoshi. Njia inaweza kuwa wazi kwenye ramani huku chini inakwisha.

Kusini mwa nchi simulizi ni la makaa ya mawe. Bonde la Afan, juu ya mji wa chuma wa Port Talbot, ni jembamba na limeinama pande zote mbili, na vijiji vyake, Cymer, Glyncorrwg, Blaengwynfi, vilikuwepo kwa sababu ya migodi tu. Mgodi wa Glyncorrwg ulifungwa mwaka 1970. Mgomo mkubwa wa wachimbaji wa 1984 na 1985 ulipoisha kwa kushindwa, karibu migodi yote iliyosalia kusini mwa Wales ilifungwa mmoja baada ya mwingine katika miaka iliyofuata. Reli zikang'olewa. Miti ya Tume ya Misitu ilikuwa tayari imefunika sehemu kubwa ya vilima, na ndani ya miti hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikachongwa njia zilizolifanya jina la Afan lijulikane na kila mpenda baiskeli za milimani Uingereza: Penhydd, The Wall, White's Level, Skyline. Ile ya mwisho ni ndefu, na kwa sehemu kubwa inakwenda mgongoni mwa vilima ambako mtu huona bahari upande mmoja na mabonde yakipangana upande mwingine. Mahali pamojawapo pa kuanzia, Afan Argoed, pana jumba la makumbusho la wachimbaji wa makaa wa Wales Kusini. Mgeni anayekaza helmeti yake hapo anakuwa hatua chache tu kutoka kwenye taa na mabehewa ya watu waliochimba chini ya kilima anachokwenda kukipanda.

Hakuna anayedai kwamba baiskeli imerudisha mishahara ya makaa ya mawe. Haijarudisha, na wanasiasa waliowahi kuongea hivyo waliwakosea watu wa bonde. Lakini nyumba za kulala wageni zimefunguliwa, fundi baiskeli amepata benchi lake la kazi, duka limepata sababu ya kufungua Jumapili. Kwa kijiji cha watu elfu moja, ajira kumi si jambo dogo.

Mwaka 2010 Afan ikapata pigo jingine. Maradhi ya Phytophthora ramorum yaligunduliwa kwenye miti ya larchi katika bonde hilo, kwa mara ya kwanza nchini Wales. Vimelea vyake husafiri kwa mvua na ukungu, na pia kwa tope, likiwemo tope la viatu na matairi. Dawa hakuna. Mti ukiugua hukatwa, na majirani zake nao hukatwa. Huko Cwmcarn, karibu na Newport, barabara ya kutalii ndani ya msitu ilifungwa mwaka 2014 ili ikatwe miti ya larchi ipatayo 150,000, na haikufunguliwa kikamilifu kwa magari hadi 2021. Njia nyingi za baiskeli zilizokuwa zikipita kwenye kivuli cha larchi zikajikuta jangwani kati ya visiki, zimesagwa na minyororo ya mashine za kuvunia, au zimehamishwa kabisa. Kisha tarehe 7 Desemba 2024 kimbunga Darragh kikapiga pwani ya magharibi kwa upepo uliopewa tahadhari nyekundu, na misitu mingi ikafungwa huku mafundi wakikata magogo yaliyolala njiani.

Hapa ndipo bomba la maji la kuoshea baiskeli linapoonyesha thamani yake. Limesimama pembeni mwa maegesho, halina cha kuvutia. Mwendeshaji aliyerudi na tope mpaka kichwani huliona kama huruma kwa mnyororo na shokapu zake. Kwa msitu ni kinga: tope lisilotoka hapa haliendi na gari hadi msitu wa pili. Lakini bomba likiharibika, au bango la kuwaeleza watu kwa nini waoshe matairi likififia, lazima awepo mtu wa kuona. Huko Coed y Brenin mtu huyo alikuwa akifanya kazi katika kituo kilichofungwa mwaka 2025.

Wako wanaosema soko litaziba pengo, na wana mfano wa kuonyesha. BikePark Wales ilifunguliwa mwaka 2013 katika msitu wa Gethin, juu ya Merthyr Tydfil, mji uliokuwa kiini cha chuma cha dunia. Ni kampuni binafsi kwenye ardhi ya umma. Basi dogo lenye trela humpandisha mwendeshaji na baiskeli yake hadi kileleni, naye huchagua miongoni mwa njia nyingi za kuteremkia, za kijani kwa wanaoanza mpaka nyeusi kwa mabingwa. Hulipiwa, na watu hulipa. Mwaka 2019 familia ya Atherton ikafungua Dyfi Bike Park karibu na Machynlleth. Dan Atherton ndiye pia aliyebuni mashindano ya Hardline huko Dinas Mawddwy, yaliyoanza 2014, ambayo miruko yake inatisha hata kuitazama. Dada yake Rachel ametwaa ubingwa wa dunia wa kuteremka mlima mara tano kwa wanawake wakubwa, na mwaka 2016 alishinda kila raundi ya Kombe la Dunia pamoja na ubingwa wenyewe. Mwaka 2023, akiwa tayari mama, alirudi na kushinda raundi ya kwanza ya msimu huko Lenzerheide nchini Uswisi.

Haya ni mafanikio ya kweli na yanastahili pongezi. Hata hivyo, kituo cha baiskeli cha kulipia hakiwezi kuchukua nafasi ya msitu wa umma. Mtoto wa Merthyr au Dolgellau asiye na fedha ya tiketi, wala baiskeli ya maelfu ya paundi, hujifunza kwenye njia ya bure au hajifunzi. Coed y Brenin ina MinorTaur, njia ya buluu iliyojengwa kwa upana na mteremko unaowezesha hata watu wenye ulemavu kuipita kwa baiskeli zao maalumu za magurudumu matatu au manne. Ni vigumu kuona mwekezaji anayekwenda benki na mpango wa namna hiyo. Iliwezekana kwa sababu mwenye msitu alikuwa umma.

Kati ya serikali na kampuni kuna njia ya tatu, na Wales imekwisha kuipita. Blaenau Ffestiniog ni mji wa mawe ya kuezekea. Mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa na zaidi ya watu 11,000, na paa za Hamburg na London zilifunikwa kwa mawe yake. Leo idadi hiyo imepungua kwa zaidi ya nusu, na vifusi vya mawe ya kijivu vimeuzunguka mji kila upande kiasi kwamba, hifadhi ya taifa ilipochorwa, mji uliachwa nje ya mpaka ingawa hifadhi inauzunguka pande zote. Mwaka 2012 biashara ya kijamii iitwayo Antur Stiniog ilifungua njia za kuteremka kwenye mlima wa machimbo ya Llechwedd. Waendeshaji hushuka juu ya kokoto za mawe yaleyale, zinazolia chini ya matairi, huku mji wote ukiwa chini ya macho yao. Anayewauzia tiketi na kuwaendeshea gari ni mtu wa Blaenau, na huzungumza Kiwelisi na mwenzake kwa sababu ndiyo lugha ya mji. Faida hubaki hapohapo, kwa kuwa mwenye biashara ni jamii. Antur Stiniog ni mojawapo ya biashara kadhaa za kijamii za eneo hilo zilizoungana chini ya Cwmni Bro Ffestiniog. Mwaka 2021 UNESCO iliyatangaza mandhari ya machimbo ya kaskazini-magharibi mwa Wales kuwa urithi wa dunia. Mji ulioachwa nje ya hifadhi sasa umo kwenye orodha iliyo kubwa kuliko hifadhi.

Mfano mwingine ni mdogo zaidi, na pengine mzuri zaidi. Katikati ya nchi, kwenye milima ya Cambrian, hakuna vituo wala mabango ya rangi. Kuna njia za zamani tu: barabara ya Kirumi ya Sarn Helen, na njia ambazo wafanyabiashara wa mifugo walizitumia kuswaga ng'ombe mamia ya kilomita hadi masoko ya England, kabla ya reli kuimaliza kazi hiyo katika karne ya 19. Sheria ya Mashambani ya mwaka 1968 ndiyo iliyowapa waendesha baiskeli haki ya kupita kwenye njia za farasi, England na Wales. Kwenye njia za miguu hawaruhusiwi. Bonde la Doethie ni mojawapo ya njia hizo za farasi. Kijito kiko chini, kilima kimesimama, na ushoroba wenye upana wa usukani wa baiskeli unajipindapinda ubavuni kwa kilomita kadhaa bila nyumba wala mtandao wa simu. Juu ya bonde kuna Tŷ'n Cornel, nyumba ya shamba iliyogeuzwa hosteli. Shirika kubwa la hosteli za vijana lilipotaka kuachana nayo, pamoja na jirani yake Dolgoch, watu waliozipenda waliunda amana yao mwaka 2006 na kuzichukua. Zinaendeshwa na watu wa kujitolea hadi leo. Msafiri aliyelowa hufika, huwasha jiko la kuni, huanika soksi, kesho yake huendelea. Bila nyumba hiyo njia ingekuwepo, lakini wachache mno wangeweza kuipita.

Mashariki kidogo ya hapo, Llanwrtyd Wells, mji mdogo uliobishana baani mwaka 1980 kama binadamu anaweza kumshinda farasi milimani, ulianzisha mbio za kuumaliza ubishi huo. Baadaye baiskeli ziliruhusiwa kushiriki, na mwaka 1989 Tim Gould, mwendeshaji wa Kiingereza, akawa wa kwanza kumaliza mbele ya farasi. Mtu wa miguu alisubiri hadi 2004. Mji wa watu wasiofika elfu moja hujaa wageni kila mwaka kwa sababu watu wake walishika jambo lao wenyewe.

NRW nayo isikilizwe. Iliundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha mashirika matatu, na tangu wakati huo imeongezewa kazi: mafuriko, uchafuzi wa mito, leseni za viwanda, maradhi ya miti. Inasimamia zaidi ya hekta 120,000 za misitu ya serikali. Mkuu wa shirika mwenye upungufu wa fedha, akiambiwa achague kati ya mkaguzi wa maji machafu na mpishi wa keki, atamchagua mkaguzi, na ni vigumu kumlaumu. Shirika lilisema pia kwamba lingetafuta wabia wa kuyaendesha majengo hayo.

Kosa liko mahali pengine. Kituo kilihesabiwa kuwa mkahawa, kisha mkahawa ukapimwa kwa faida yake. Hakikuhesabiwa kuwa sehemu ya njia. Lakini anayefika Coed y Brenin kwa mara ya kwanza anahitaji mtu wa kumwambia kwamba njia nyeusi ya Beast of Brenin si ya kumpeleka mtoto wa miaka kumi, kwamba daraja fulani limefungwa, kwamba giza litaingia saa kumi jioni. Anayevunjika mfupa wa bega kwenye mawe anahitaji mtu anayejua gari la wagonjwa lipite barabara gani ya msitu. Huduma za uokoaji milimani huko Wales ni za watu wa kujitolea, na hata helikopta ya wagonjwa ya Wales huendeshwa kwa michango ya wananchi. Kuondoa mtu wa mapokezi ni kuwaongezea mzigo watu ambao hawalipwi. Na mkulima wa jirani aliyekuwa akiuza mayai na nyama yake kwa mkahawa hatokei popote kwenye hesabu.

Fedha je, zitatoka wapi? Zipo, na zipo juu ya vilima hivyohivyo. Mwaka 2017 ulizinduliwa mtambo wa umeme wa upepo wa Pen y Cymoedd, mitambo 76 iliyosimama ndani ya misitu ya umma kati ya mabonde ya Neath, Afan, Rhondda na Cynon. Baadhi ya njia za Afan zilibidi zipindishwe kuipisha. Mkataba wake unatoa paundi milioni 1.8 kila mwaka kwa mfuko wa jamii za mabonde hayo. Na mwaka 2024 serikali ya Wales ilianzisha kampuni yake yenyewe, Trydan Gwyrdd Cymru, ili kujenga mitambo mingine ya upepo kwenye misitu ya serikali na kuhakikisha faida inabaki nchini. Ikiwa upepo unaovuma juu ya msitu unaweza kuuzwa, sehemu ndogo ya mauzo hayo inaweza kumlipa mwenye koleo. Hili halihitaji kodi mpya. Linahitaji kifungu kwenye mkataba kabla haujasainiwa, kwa sababu baada ya hapo ni vigumu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao ya kufuatilia. Serikali ya Wales ina mpango uitwao Plant!, ambao kwa kila mtoto anayezaliwa au kuasiliwa Wales hupandwa mti mmoja nchini humo na mwingine katika eneo la Mbale, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Huko Mbale miche hutunzwa kwenye vitalu na wakulima huipanda mashambani mwao, kahawa na migomba ikiwa chini yake, kwenye udongo ambao mvua kubwa huuporomosha. Mpango huo umefaulu pale ambapo mkulima anajua mti ni wake na tunda lake ni lake. Serikali iliyolielewa hilo kuhusu Elgon inapaswa kulielewa kuhusu Dolgellau.

Kwa hiyo watu wa Dolgellau, Ganllwyd na vijiji vya jirani, ambao walipinga kufungwa kwa kituo na kutaka wakiendeshe wenyewe, wasipewe leseni ya mwaka mmoja mmoja. Hakuna benki wala mfuko wa hisani unaokopesha kwa leseni ya mwaka mmoja. Wapewe mkataba wa miaka 25 wa jengo na maegesho pamoja, kwani mapato ya kuaminika ni ya maegesho, na kumpa mtu mkahawa huku mapato ya maegesho yakienda kwingine ni kumpa hasara. Mkataba uandike nani anazibua mifereji ya Tarw kila Novemba, nani anakagua mawe ya Beast of Brenin kila majira ya kuchipua, na nani anajenga upya NRW ikikata miti na mashine zake zikavunja njia. MinorTaur itajwe kwa jina na ibaki bure. Bomba la kuoshea baiskeli nalo liandikwe humo, na simu ya mtu wa kuita likikauka.